Mnunuzi Mwenye Macho Hapunjwi

(Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya ununuzi wa bidhaa. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)

Wazee husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa njema hukaa mahali pake na watu wakaifuata. Bali bidhaa mbovu hupelekwa mlango hadi mlango, husifiwa kwa sauti kubwa, na hupunguzwa bei kabla mnunuzi hajauliza. Methali hii ni ya zamani, lakini haijachakaa, kwani ulaghai umebadilika sura tu. Mtu aliyekuwa akipunja nafaka kwa kibaba, leo ana ndugu yake apunjaye kwa mizani ya umeme, na mwingine aibaye kwa simu pasipo kuonana uso kwa uso na yule amwibiaye.

Si nia ya mazungumzo haya kuwatukana wafanya biashara. Wenye maduka walio wengi hutafuta riziki yao kwa jasho na kwa uaminifu. Tena, mtu wa kwanza kuumizwa na mlaghai, baada ya mnunuzi, ni mwenye duka mwaminifu, maana hawezi kushindana kwa bei na mtu auzaye kipimo pungufu au dawa bandia. Kwa hiyo mnunuzi anapojilinda mwenyewe, humlinda na mwuzaji mwema pia.

SHERIA IPO, LAKINI HAINA MACHO

Watu wengi hudhani kwamba mtu akisha kulipa fedha zake na kutoka dukani, hana haki tena. Sivyo. Tangu mwaka 1931 Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, nayo yataka kitu kilichouzwa kwa kuelezwa kilingane na maelezo yake. Mwaka 1974 ikatungwa Sheria ya Viwango, na kwa sheria hiyo likaundwa Shirika la Viwango la Kenya, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la KEBS. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora ufaao, haki ya kuelezwa habari za kile anunuacho, haki ya kulindwa afya, usalama na mali yake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Kisha ikaja Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012. Sheria hiyo yahesabu kuwa ni udanganyifu kusema kitu ni kipya na kumbe kimetumika, au kumwambia mtu kwamba gari lake lahitaji kutengenezwa na kumbe halihitaji.

Basi sheria si chache. Lakini sheria haina macho ila ya mnunuzi, wala haina ulimi ila wake. Hakuna serikali duniani iwezayo kumweka mkaguzi katika kila kibanda, kila gulio na kila simu. Mkaguzi hufika pale alipoitwa, na hakimu huamua lile aliloletewa. Mnunuzi akifumba macho wakati wa kununua, na akifumba kinywa baada ya kupunjwa, sheria hubaki kabatini kama kitabu kisichosomwa.

VIPIMO NA MIZANI

Ulaghai ulio mkongwe kuliko wote ni ule wa kipimo. Sura ya 83 ya Kurani imeitwa kwa jina la wapunjao, na kitabu cha Mithali katika Biblia chakemea mizani isiyo ya haki. Hivyo yaonekana kwamba tabu hii haikuanza jana.

Zamani, katika miji ya pwani, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Baadaye likaja debe, ambalo asili yake ni bati la mafuta ya taa, na katika masoko ya bara ikaenea gorogoro, yaani mkebe wa kilo mbili. Lakini bati hubonyea, na mwenye hila hulisukuma kitako liingie ndani, kisha hujaza nafaka mbele ya macho ya watu mpaka ikafanya kichuguu. Mnunuzi hutazama kichuguu cha juu, wala hatazami kitako cha chini.

Huenda mtu akasema kwamba konzi moja ya mahindi si kitu. Na tupige hesabu. Mama anunuaye gorogoro tatu kila juma, akipunjwa robo ya kilo katika kila moja, hupoteza robo tatu za kilo kwa juma. Kwa majuma 52 ya mwaka hasara yake ni kilo 39. Hiyo ni zaidi ya thuluthi moja ya gunia la kilo 90, nayo imetoka katika sufuria ya watoto wake pasipo yeye kujua.

Mkulima naye hupunjwa kwa njia iliyo kinyume. Kwa miaka mingi wachuuzi wamenunua viazi kwa lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilemba juu hata likabeba zaidi ya kilo 110, nao hulipa bei ya gunia moja tu. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka mpaka wa kilo 50 kwa gunia. Mkulima akubaliye lumbesa kwa kuogopa kumkosa mnunuzi hujipunja mwenyewe na humharibia jirani yake bei.

Dawa ya jambo hili ni nyepesi. Sheria yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri na maofisa wa vipimo, na kila mnunuzi aweza kuuliza muhuri huo uko wapi. Kabla ya kitu kuwekwa juu ya mizani, yafaa mshale au tarakimu zisome sifuri. Mizani na igeuzwe ili mnunuzi aione, wala si mwuzaji peke yake. Na kwa gesi ya kupikia, uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu ya mtungi wenyewe. Mtungi wa gesi kilo 13, ukiwekwa juu ya mizani, hauna budi kuonyesha uzito huo pamoja na kilo 13 zaidi. Ukipungua, gesi imepungua.

CHAKULA NA KINYWAJI

Kupunjwa kipimo ni hasara ya mfuko, lakini kuna bidhaa ambazo hasara yake ni roho ya mtu.

Katika mwaka 2004, sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini, nayo huliharibu ini. Mahindi yalikuwa yamewekwa yakiwa na unyevu, na kuvu hupenda unyevu. Wachunguzi walipopima mahindi yaliyokuwa yakiuzwa masokoni katika sehemu hizo, zaidi ya nusu ya vipimo vyao vilipita kiasi kilichoruhusiwa na sheria. Mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango lilisimamisha uuzaji wa unga wa mahindi wa aina tano kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Yafaa kila mpishi akumbuke kwamba sumu hii haiishi kwa kuchemshwa, wala kusongwa kwa ugali hakuiondoi.

Mnunuzi asiye na mashine aweza kuupima unyevu kwa chumvi. Huchukuliwa chupa kavu ya kioo, ikatiwa chumvi kavu kidogo na mahindi, ikafungwa na kutikiswa vema, kisha ikaachwa kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana unyevu mwingi, wala hayafai kuwekwa ghalani. Ikianguka chini yote, yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa. Lakini jaribio hili huonyesha unyevu tu; sumu yenyewe hujulikana kwa vyombo vya wataalamu. Kwa hiyo mahindi yenye rangi ya kijani au nyeusi, au yenye harufu ya uvundo, yasinunuliwe hata kama bei yake ni nusu.

Pombe ya magendo nayo imejaza makaburi. Wauzaji wengine huongeza ukali wa kinywaji kwa methanoli, ambayo ni kemikali ya viwandani. Kiasi kidogo chake chatosha kumpofusha mtu, na kikizidi humwua. Mwezi wa Novemba 2000, katika vijiji vya Mukuru mjini Nairobi, walikufa zaidi ya watu 100. Mwaka 2005 wakafa karibu watu 50 katika wilaya ya Machakos. Mwaka 2014 wakafa zaidi ya 80 katika kaunti mbalimbali, na mwezi wa Februari 2024, huko Kirinyaga, walikufa watu wasiopungua 17. Cha mlevi huliwa na mgema, lakini hawa hawakupoteza fedha tu. Mtu aliyekunywa kitu cha namna hiyo akaanza kuona ukungu machoni, asiambiwe alale usingizi umtoke. Apelekwe hospitali upesi, kwani kila saa ipitayo hupunguza tumaini lake.

Na katika vipodozi, kuna krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Chombo kisichoonyesha kilichomo ndani yake, wala jina la aliyekitengeneza, hakifai kupakwa usoni pa mtu.

MBEGU NA MBOLEA

Mkulima ni mnunuzi pia, na akidanganywa hasara yake huonekana baada ya miezi, wakati ambapo mvua imekwisha kupita na hairudi. Walaghai hutwaa mahindi ya kawaida ya kula, wakayapaka rangi ili yafanane na mbegu iliyotiwa dawa, wakayatia katika mifuko iliyoigwa. Shamba lililopandwa mbegu hizo huota kwa mabaka, na wakati wa mavuno hakuna cha kuvuna.

Kwa sababu hiyo idara ya KEPHIS, ikaguayo mbegu, imeweka kibandiko juu ya mifuko ya mbegu. Mkulima hukwangua kibandiko, akaona namba, akaipeleka kwa ujumbe wa simu kwenda 1393, naye hujibiwa kama mbegu hiyo ni ya kweli. Kazi hiyo haichukui muda wa kuvuta kiko. Kadhalika alama ya ubora ya Shirika la Viwango ina namba ya kibali chini yake, na namba hiyo yaweza kuulizwa kwa kuandika herufi SM, alama ya reli na namba yenyewe, kisha kuupeleka ujumbe kwenda 20023. Walaghai huweza kuiga alama. Namba ya kweli ni vigumu kuiiga.

Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba mifuko fulani iliyouzwa kama mbolea ya ruzuku haikufikia kiwango kilichotakiwa. Mifuko hiyo ilikuwa imepita hata katika maghala ya umma, ambako wakulima waliinunua kwa imani. Jambo hilo lafundisha kwamba hata penye bendera ya Serikali mnunuzi asiache kutazama. Mkulima aliyekuwa ameweka mfuko wake na stakabadhi yake alikuwa na cha kuonyesha alipodai haki. Aliyekwisha kuuchoma mfuko alikuwa na maneno matupu.

FEDHA ZIZAAZO KWA MIUJIZA

Katika miaka ya 2006 na 2007 ilizuka michezo ya upatu wa uongo kotekote nchini. Watu waliambiwa watoe fedha, walete na wenzao, nao watapata mara nyingi ya walichotoa. Wengine waliuza ng'ombe, wengine wakatoa karo za watoto. Kikosi kazi cha Serikali kilichochunguza shauri hilo kilieleza kwamba watu karibu 150,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8.

Hila yenyewe yafichuliwa na hesabu ya shule ya msingi. Mtu mmoja akileta watu 5, na kila mmoja wa hao akaleta 5, wa tatu watakuwa 125 mara zamu ya tatu ikifika. Katika zamu ya 11 watahitajika watu 48,828,125. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta watu 47,564,296 katika Kenya nzima, pamoja na watoto wachanga. Basi watalipwa na nani wale walio chini? Hakuna shamba, hakuna kiwanda, hakuna duka. Fedha za wa nyuma ndizo wanazopewa wa mbele, na siku wa nyuma wakikosekana mwenye mchezo hutoweka. Hiki si chama cha akiba kama kile cha kina mama wa mtaa mmoja, ambao hujuana majina na kupokezana zamu kwa zamu.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha husafiri kwa simu, na wezi wakasafiri nazo. Hila moja imewanasa wengi. Simu huleta ujumbe usemao kwamba fedha zimeingia, kisha mtu asiyejulikana hupiga akilia kwamba amezituma kwa makosa, na ya kuwa ni za mgonjwa. Mwenye huruma huzirudisha upesi, na kumbe ujumbe ule ulikuwa wa uongo, naye ametoa fedha zake mwenyewe. Lipasalo ni kutazama salio kwanza. Kama hazikuingia, hakuna cha kurudisha. Kama zimeingia kweli, aliyekosea na alijulishe shirika la simu kwa kupeleka ujumbe wake kwenda 456, na shirika lenyewe litalishughulikia. Na namba ya siri haiulizwi na mtu yeyote wa haki, awe ajiita mfanyakazi wa benki, wa simu au wa Serikali. Aiulizaye ni mwizi.

MASHAURI KWA MNUNUZI

Shauri la kwanza: asinunue kwa haraka. Mlaghai husema kwamba ni leo tu, au kwamba wengine wanangoja nje. Bidhaa njema itakuwako kesho.

Shauri la pili: asome kilichoandikwa. Tarehe ya kuisha, uzito, jina la mtengenezaji na namba ya kibali si mapambo ya mfuko. Asiyejua kusoma amwite mtoto wake aliye shuleni amsomee, na hapo mtoto naye atajifunza.

Shauri la tatu: adai stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kipande kile cha karatasi, chenye tarehe na jina la duka, ndicho kisemacho mbele ya hakimu wakati mwuzaji anaposema kwamba hamjui mnunuzi huyo.

Shauri la nne: asitupe ushahidi. Aliyeugua kwa chakula aweke kilichobaki pamoja na mfuko wake, mbali na watoto. Aliyeibiwa kwa simu asifute ujumbe.

Shauri la tano: aseme. Kwanza amwendee mwuzaji kwa adabu, kwani kosa jingine ni la bahati mbaya, na biashara haigombi. Mwuzaji akikataa, shauri la kipimo lipelekwe kwa maofisa wa vipimo wa kaunti. La ubora, kwa Shirika la Viwango. La wizi, kwa polisi. Na kama ni fedha zinazodaiwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nayo yatakiwa iyamalize kwa siku 60. Mtu aweza kusimama humo mwenyewe pasipo wakili.

Kati ya mashauri haya matano, la mwisho ndilo gumu, wala si kwa sababu ya mwendo wa kwenda ofisini. Ni kwa sababu ya aibu. Mtu aliyepunjwa huona haya kuitwa mjinga, na mzee aliyepoteza akiba yake katika upatu huogopa kuchekwa na wakwe zake. Basi hunyamaza, na yule mlaghai huhamia mtaa wa pili akaanza upya na fedha zile zile. Aibu ya mwenye kupunjwa ndiyo mtaji wa mwenye kupunja. Siku mnunuzi atakaposema mbele ya jirani zake, "Duka lile lina gorogoro iliyobonyea," duka hilo litatafuta gorogoro nyingine kabla jua halijatua, hata kama hakuna ofisa aliyefika.

Kwa hiyo, Mabwana na Mabibi, kila aendaye sokoni juma hili na achukue pamoja na kikapu chake macho mawili na swali moja. Muhuri wa mizani hii uko wapi? Mwuzaji mwaminifu atauonyesha kwa furaha.